Udongo wa Embakasi

Nairobi imekuwa na viwanja vitatu vikubwa vya ndege, na kila kimoja kilipojengwa kiliwekwa nje ya mji, kwenye nyasi na wanyama. Mji ukakifuata. Wilson leo imebanwa na mitaa, Eastleigh imezingirwa na maduka na vyumba vya kupanga, na Embakasi, ambayo wazee wanaikumbuka kuwa mbuga tupu, ina magorofa hadi karibu na ua wake. Uwanja wa Jomo Kenyatta, ndio huo wa Embakasi, nimeupita mara nyingi, nikiwa na haraka ya safari kama abiria wengine wote. Safari hii nilitaka niwe na muda. Nilikuwa nakwenda Muscat kumwona dada yangu, na ndege ilikuwa ya usiku, basi nikaamua kuvipitia viwanja vyote vitatu kwa kufuata umri wavyo, kwa matatu na kwa miguu, na nimalizie kwenye lango la kuondokea.

Treni ya SGR kutoka Mombasa ilinishusha Syokimau. Ukisimama nje ya stesheni hiyo unaziona ndege zikishuka, magurudumu yameshatolewa. Ardhi ya huku ina habari zake. Novemba 2011 tingatinga ziliingia Syokimau zikaangusha nyumba za watu, nyingine za ghorofa, kwa madai kwamba zilisimama juu ya ardhi ya uwanja wa ndege. Wenyewe walikuwa na karatasi za kununulia viwanja mikononi. Nilipita hapo nikiwa na begi langu moja, nikapanda matatu ya kwenda mjini, nikashuka Nyayo na kudandia nyingine ya Lang'ata. Makanga akagonga bati mara mbili, "Wilson hapo!", nikateremka.

Wilson ina harakati ambazo viwanja vikubwa vimezipoteza. Ndege ni ndogo, unaziona karibu, na rubani anaikagua yake mwenyewe kwa mkono kabla ya kupanda. Watalii wenye kofia pana husubiri kupelekwa Maasai Mara. Kwenye banda jingine kuna ndege za AMREF, madaktari wa angani, ambao walianza mwaka 1957 wakati daktari Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipoona kwamba mgonjwa wa Turkana au wa Wajir hawezi kusubiri barabara. Na kuna miraa. Inakatwa Meru, inafungwa kwenye majani ya mgomba, inateremshwa kwa pikapu zinazokimbia kuliko gari lolote jingine nchini, kisha inapandishwa ndege kwenda Mogadishu, kwa sababu mlaji hataki iliyonyauka. Somalia ilipoufunga mlango mwaka 2020, mashamba ya Meru yaliumia. Ulipofunguliwa tena Julai 2022, pikapu zilirudi barabarani.

Aliyeacha jina lake hapa ni mwanamke, Florence Kerr Wilson, mjane wa kizungu aliyekuwa na fedha na akapenda ndege. Mwaka 1929 alianzisha kampuni ya Wilson Airways, rubani wake wa kwanza akiwa Tom Campbell Black, na kampuni ikajijengea makao katika uwanja wa Nairobi West. Walibeba barua, walibeba matajiri waliotaka kuwinda, walibeba wagonjwa. Miaka hiyo hiyo Imperial Airways ya Uingereza ilikuwa ikisukuma njia yake kutoka Cairo kwenda kusini. Mwaka 1931 ilifika Mwanza, na 1932 ikafika Cape Town, Nairobi ikiwa kituo njiani. Vita vilipoanza mwaka 1939, ndege na marubani wa Wilson wakachukuliwa na jeshi, na kampuni haikufufuka. Uwanja ulipewa jina la mwanzilishi wake mwaka 1962.

Nilizunguka ua wa upande wa nyuma nikikitafuta kijiji cha Mitumba. Hakipo. Kilikuwa mtaa wa mabati karibu na Wilson, wenye maelfu ya wakazi, shule na makanisa yao, na Novemba 2011, mwezi ule ule wa Syokimau, kilibomolewa kwa sababu ya kuwa kwenye njia ya ndege. Wakazi walikwenda mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu mwaka 2013, wakashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2016, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hata mtu asiye na hati, akiishi kwenye ardhi ya umma, ana haki ya makazi ambayo serikali haiwezi kuikanyaga kwa notisi ya siku chache. Kesi hiyo, ya Mitu-Bell, sasa inasomwa na wanafunzi wa sheria kote nchini. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya historia ya viwanja vya ndege vya Nairobi sawasawa na habari za Bi Wilson, na nashangaa jinsi vitabu vya usafiri wa anga vinavyoipita.

Kutoka Wilson hadi Eastleigh ni kuvuka mji mzima. Matatu namba 6 ilijaa akina mama wenye mifuko ya nguo na vijana waliokuwa wakibishana kuhusu bei ya simu. Eastleigh ya leo ni soko kubwa, mkono wa biashara wa Wasomali unaofika Kampala, Juba na Lubumbashi, na mgeni anayekuja kununua mashuka hawezi kufikiri kwamba ng'ambo ya ukuta ule mrefu kuna njia ya kurukia ndege. Ipo. Ni kambi ya jeshi la anga, Moi Air Base, na mtu hasimami mbele ya lango lake kupiga picha. Nilipita upande wa Juja Road, Mathare mkono mmoja na ukuta wa kambi mkono mwingine, nikanunua chai ya rangi kwenye kibanda na kuutazama ukuta.

Kwa miaka ya arobaini na sehemu kubwa ya hamsini, hapa ndipo palipokuwa Nairobi ya wasafiri wa ndege. Shirika la East African Airways, lililoanza kazi Januari 1946 likiwa na ndege sita za Dragon Rapide, lilikuwa na makao hapa. Mwaka 1952 peke yake ungetosha kuupa uwanja huu nafasi katika historia. Februari 1 alitua binti mfalme Elizabeth na mumewe. Siku tano baadaye, akiwa nje ya mji katika misitu ya Nyeri, baba yake akafa Sandringham, Uingereza, na yeye akawa malkia akiwa ardhi ya Kenya. Kurudi kwao hakupitia Eastleigh. Alichukuliwa Nanyuki kwa ndege ndogo hadi Entebbe, na huko ndiko alikopanda ndege kubwa ya kumpeleka nyumbani. Oktoba mwaka huo huo, usiku ambao Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, ndege zilizotua Eastleigh zilibeba askari wa Lancashire Fusiliers kutoka Misri. Mwaka uliofuata zikaja Lincoln, ndege kubwa za mabomu, na kutoka kwenye uwanja huu zikawa zinaruka kwenda kuipiga misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, walikojificha wapiganaji wa Mau Mau. Mtu wa Mathare ya wakati ule aliziona zikipita juu ya paa lake zikiwa zimejaa, na aliziona zikirudi tupu.

Kambi ilikuja kupata umaarufu mwingine Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Jaribio lilipovunjika, viongozi wake wawili walikimbilia Tanzania kwa ndege ya jeshi. Jeshi lote la anga likavunjwa na kuundwa upya, na jina la rais likabandikwa langoni. Nililipa chai nikaondoka. Pale pana mambo mengi, ila mlango wake si wa raia.

Sababu ya kuihama Eastleigh ilikuwa ya hewa na ya udongo. Nairobi iko juu. Uwanja wa Jomo Kenyatta una kimo cha mita 1,624 kutoka usawa wa bahari, na sisi tuliozaliwa pwani tunakisikia kimo hicho kifuani tukipanda ngazi kwa haraka. Ndege nayo inakisikia. Hewa ikiwa nyepesi, bawa halipati cha kutosha cha kuegemea mpaka lipite kwa kasi zaidi, na injini inavuta pumzi haba, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi chini kabla haijanyanyuka. Jua la mchana likichemsha hewa, mambo yanazidi. Mei 1952, Uingereza ilipozindua Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, njia yake ya kwenda Johannesburg ilipitia Khartoum, Entebbe na Livingstone. Nairobi, mji mkuu wa koloni la walowezi, ilirukwa. Walowezi hawakuweza kulivumilia hilo, na serikali ya koloni ikachagua uwanda wa Embakasi, kusini mashariki mwa mji, tambarare ya Athi isiyo na kilima. Kazi ilianza mwaka 1953.

Angalia mwaka huo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa miezi michache kabla, magereza yalikuwa yakifurika, na Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, ambapo maelfu ya askari waliufunga mji wa Nairobi, wakasaka nyumba kwa nyumba na kuwazoa Wakikuyu, Waembu na Wameru wapatao elfu ishirini na zaidi, wakawapeleka Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Serikali iliyokuwa inahitaji kusawazisha uwanda mzima ilikuwa pia na watu wengi waliofungwa bila namna ya kukataa. Gereza likawekwa Embakasi, na wafungwa wa Mau Mau wakatiwa sururu, majembe, makarai na mikokoteni mikononi. Walichimba, walibeba, walishindilia. Wanahistoria kama Caroline Elkins wameandika juu ya gereza hilo na ukali wake, na kila ninaporudia kurasa hizo nafikiri juu ya udongo wenyewe. Udongo wa Embakasi ni ule mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, unavimba na kukamata mguu hadi kifundoni. Kiangazi kikija, unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Hauwezi kubeba njia ya ndege. Ni lazima uondolewe, mahali pake pajazwe mawe na changarawe, pasawazishwe tena. Hiyo ndiyo kazi waliyofanya.

Matatu ya Outer Ring ilinipeleka kupitia Donholm na Tassia, nikashuka kwenye njia panda ya Pipeline na kuifuata Airport North Road. Magorofa ya Pipeline yamesongamana mno. Nguo zinaning'inia kutoka ghorofa ya saba, na kati ya jengo na jengo jua haliingii. Mbele kidogo anga linafunguka ghafla na unaona ua wa uwanja. Jengo la kwanza la abiria lilikuwa upande huu wa kaskazini. Lilifunguliwa mwaka 1958. Aliyetarajiwa kulizindua alikuwa mama yake malkia, lakini akachelewa Australia, na Gavana Baring akafanya sherehe mwenyewe. Ni yeye aliyesaini hali ya hatari, na ilikuwa haijaondolewa bado siku hiyo aliposimama hapo kuhutubia wageni.

Kwenye kijiji cha Embakasi, karibu na reli, niliketi kwenye benchi la hoteli ya mabati na mzee mmoja aliyekuwa akinywa uji. Nilimwamkia, akaniuliza natoka wapi kwa Kiswahili hicho kinachonyooka, nikamwambia Mombasa. Nikamweleza ninachokitafuta. Alinyamaza muda, kisha akasema kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wao. "Alichukuliwa Bahati siku ya Anvil. Alirudi nyumbani mimi nikiwa tayari naingia shule. Mikono ilikuwa migumu, ukimpa mtoto ambebe, mtoto analia." Nilimuuliza kama kaka yake aliwahi kupanda ndege. Akatikisa kichwa. "Mwanawe alikwenda Marekani, msafara wa kumsindikiza ulijaza basi zima. Yeye alibaki Githunguri. Alisema pale alishafika."

Serikali ya Uingereza ilikiri tarehe 6 Juni 2013, kupitia waziri wake William Hague, kwamba Wakenya waliteswa wakati wa hali ya hatari, ikatoa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 waliofungua madai. Mwaka 2015 mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa katika Uhuru Park, mjini. Hayo ni mambo mema na niliyafurahia. Lakini nilitembea ua wote wa kaskazini, na baadaye nikayapita majengo ya abiria moja baada ya jingine nikisoma kila kibao kilichobandikwa ukutani, na sikuona palipoandikwa kwamba uwanja huu ulisawazishwa kwa mikono ya wafungwa. Kuna vibao vya marais na vya mawaziri. Kwa maoni yangu kibao kinachohitajika zaidi ndicho kile kisichokuwepo, na mahali pake ni pale ambapo kila msafiri anasimama akisubiri pasipoti yake igongwe muhuri.

Mwaka mmoja tu baada ya uwanja kufunguliwa, watu wa namna nyingine walianza kuutumia. Septemba 1959, vijana 81 walipanda ndege Nairobi kwenda New York kusoma, katika mpango ulioandaliwa na Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Wazazi walikuwa wameuza ng'ombe, vijiji vilikuwa vimechanga. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ilitoa fedha, wakaenda wengine mamia, na miongoni mwao Wangari Maathai, msichana wa Nyeri. Nyerere na Kaunda nao walipeleka vijana wao katika mpango huo. Mtu anaweza kusema kwamba utumishi wa serikali ya Kenya huru ulipanda ndege nje ya jengo lile la kaskazini ambalo leo liko mikononi mwa jeshi.

Uhuru ulipokuja jengo likawa dogo. Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo mwaka 1972, na upande wa pili wa njia ya ndege ukainuka uwanja tunaoujua: majengo yaliyopangwa kwa mviringo wa nusu duara, maegesho ya magari yakiwa katikati, ghala la mizigo, kituo cha zimamoto. Jomo Kenyatta aliufungua Machi 14, 1978. Alikufa Agosti mwaka huo huo, na uwanja ukapewa jina lake. Kabla ya hapo, Novemba 20, 1974, uwanda huu ulikuwa umeshuhudia msiba: Boeing 747 ya Lufthansa ilinyanyuka ikiwa sehemu za mbele za mabawa, zile zinazopaswa kufunguka ili ziongeze nguvu ya kuinua, zimebaki zimefungwa. Katika hewa nyepesi ya Nairobi haikuwa na nafasi. Ilianguka ng'ambo tu ya mwisho wa njia, na kati ya watu 157 waliokuwamo 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya ndege ya aina hiyo kuua abiria, na baada yake kengele za kumwonya rubani ziliboreshwa katika 747 zote duniani.

Niliingia uwanjani jua likizama. Foleni ya magari ilianzia kwenye kizuizi cha ukaguzi, abiria wakateremka kupita kwenye mashine kwa miguu, kisha wakapanda tena. Juu, barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022 ilikuwa ikiwashusha waliotoka Westlands kwa dakika chache. Upande wa mizigo kulikuwa na malori yenye majokofu, na hayo ndiyo hufanya kazi usiku kucha. Waridi lililokatwa Naivasha asubuhi huwa mnadani Uholanzi siku inayofuata, na huo ni utaratibu usiovumilia uzembe, kwa kuwa ua likikaa kwenye joto kwa saa chache limekwisha thamani. Naziheshimu sana kazi za upande ule. Abiria hawaoni chochote cha hayo, ila fedha za kigeni zinazotoka huko zinalisha nyumba nyingi.

Majengo ya 1978 yalikusudiwa watu milioni 2.5 kwa mwaka. Miaka ya karibuni wamekuwa zaidi ya milioni nane. Katikati ya hesabu hizo mbili kuna moto wa Agosti 7, 2013. Ulianza kabla ya alfajiri katika ukumbi wa wanaowasili, miaka kumi na mitano kamili baada ya siku ya bomu la ubalozi wa Marekani, na mji mzima ukashtuka ukidhani ni yale yale. Hayakuwa hayo. Hakuna aliyekufa, lakini ukumbi uliteketea wote. Nawakumbuka waliosafiri wiki hizo wakieleza jinsi walivyogongewa pasipoti chini ya mahema, na jinsi jengo la maegesho lilivyogeuzwa kuwa ukumbi wa wageni kwa muda. Ndege za ndani zilirudi angani siku ile ile, za nje kesho yake. Watumishi wa uwanja walifanya kazi ile bila kulala, na kama kuna siku ambayo Wakenya wangejivunia uwanja wao kwa haki, ni siku zile.

Baada ya moto zikaja ahadi. Jengo jipya kubwa la kuhudumia watu milioni ishirini, lililoitwa Greenfield, liliwekewa jiwe la msingi na Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka 2016 likafutwa. Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja hadi New York, usiku, wakati hewa imepoa na kuwa nzito kiasi cha kuiwezesha ndege kunyanyuka na mafuta ya safari ndefu. Mvua kubwa ikinyesha paa linavuja, na video za ndoo zilizotegeshwa chini zinazunguka kwenye simu. Kisha 2024 ikafichuka kwamba kampuni ya Adani ya India ilikuwa imependekeza kuuchukua uwanja kwa miaka thelathini, kwa ahadi ya kuwekeza takriban dola bilioni 1.85. Wananchi walijua habari hiyo kwanza mitandaoni. Mahakama Kuu ikasimamisha mpango, na Septemba 11 wafanyakazi wakagoma. Abiria walirundikana nje, ndege zikasubiri, na vijana waliosukuma mizigo miaka yote wakaimba wakiwa wameshika matawi. Novemba 21, baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki mwenye kampuni, Rais Ruto akatangaza bungeni kwamba mpango umefutwa. Bunge lilishangilia.

Nimesikia watu wenye busara wakisema wafanyakazi wale walizuia maendeleo. Sikubaliani nao. Uwanja unahitaji jengo jipya, unahitaji njia ya pili ya ndege, kwa sababu iliyopo ni moja na ikizibwa na ndege iliyokwama basi nchi imefungwa. Hayo yote nayakubali na nataka yaje haraka. Ila uwanja uliochimbwa na watu wasioulizwa haupaswi kukodishwa kwa miaka thelathini bila watu kuulizwa. Wapagazi na wasafishaji walijua hilo vizuri kuliko waliolijadili kwenye vyumba vyenye mazulia, na walilisema kwa ujasiri mkubwa, huku mishahara yao ikiwa mashakani.

Kwenye foleni ya uhamiaji mbele yangu walisimama wasichana wapatao ishirini, wote wamevaa fulana za rangi moja, kila mmoja na bahasha ya kaki kifuani. Wakala wao alikuwa ameishia kwenye mlango wa nje. Ni safari ya Saudia, kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Mtu yeyote apandaye ndege za usiku Nairobi amewaona. Wengine wanarudi wamejenga nyumba za mama zao. Wengine wanarudi kupitia upande wa mizigo, na familia husubiri jeneza kwenye lango la nyuma, karibu na malori ya maua. Aliyekuwa karibu yangu alinisikia nikizungumza na simu, akageuka.

"Mjomba, wewe ni wa kwetu? Mimi ni wa Kilifi."

Nikamwambia ni wa kwenu. Akaniuliza ndege inachukua muda gani, na wakifika pale pa kubadilishia watajuaje mlango wa ndege ya pili, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusafiri. Nikamwambia safari ya kwanza ni muda wa saa tano, kwamba atazame skrini atafute Riyadh na namba iliyo mbele yake, na kwamba wasitawanyike hata kwenda msalani. Kisha nikamwambia lile ambalo dada yangu huwaambia wasichana anaowakuta huko: pasipoti usimpe mtu ila afisa wa uhamiaji, na akikurudishia uiweke mwilini, na namba ya ubalozi wa Kenya Riyadh pamoja na ya mama yako usiziweke kwenye simu peke yake, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kinachochukuliwa. Ziandike kwenye karatasi, uishone ndani ya nguo.

"Namba ya ubalozi sina, mjomba."

Nikaitafuta kwenye simu yangu. Wenzake wakasogea, mmoja akachana kipande cha bahasha yake ya kaki, mwingine akatoa kalamu, na nikawasomea tarakimu moja moja, nikirudia kwa walio nyuma, huku afisa akipaza sauti kwamba foleni isogee mbele.